Vioo Vyeusi vya Ildefons

Kaka yangu Ildefons hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Mwaka 1990 gari lake kuukuu la Pijo lilikuwa likiwachukua wagonjwa wa Kagoma kuwapeleka hospitali Bukoba. Njiani watu walichungulia ndani waone nani amekonda kwa UKIMWI. Jambo hilo lilimchoma, akaamua kuweka tinti, karatasi nyeusi za kuziba vioo.

Fundi wa mjini alimwambia aache gari siku mbili.

"Siku mbili? Wagonjwa wangu watembee?"

Akanunua karatasi, akaja kuibandika mwenyewe uani kwangu kwa maji ya sabuni, wembe na rula ya mwanangu. Vumbi likanasa, mapovu yakajaa. Nilipomwambia vioo vimeota malengelenge, alinifokea.

Haikupita wiki, kila mtu akalijua gari lile la mapovu. Likipita, wanaume walivua kofia na wanawake waliacha majembe wakainama, kama jeneza linapopita. Hakuna aliyepunga mkono. Kwetu mtu aliye hai hapitwi bila salamu.

Mwezi wa saba likaja kunichukua mimi.

Kando ya barabara, mama yangu wa ubatizo, Klaudia, alikuwa akipalilia maharage. Alipoliona gari, akainamisha kichwa. Niligonga kioo, hakuniona. Nikalia.

Ildefons alifunga breki, akashuka na wembe wake, akakikwangua kioo changu huku akilaani karatasi, fundi na yeye mwenyewe.

Klaudia akasogea. "Waitu, mtu wetu Felicitas! Umeamkaje?"

"Nimeamka," nikajibu kwa sauti, ili hata wa shamba la mbali wasikie.