Homa Ilipomtoka Abshiro

Abshiro ni fundi cherehani wa mtaa wa Galbet, mjane wa miaka arobaini na mmoja, anayeshona diraa kwenye kibaraza cha nyumba anayoishi na mdogo wake, Leyla. Homa ya dengi ilipoenea mtaani baada ya mvua za Novemba, naye ilimpata. Kwa siku nne mwili ulichemka na viungo vilimuuma hata kusimama akashindwa. Siku ya tano aliamka joto limetoka.

"Alhamdulillahi, umepona," Leyla alisema, akamwekea uji.

Abshiro aliutapika wote. Mikono ilikuwa baridi, tumbo likimkata chini ya mbavu za kulia, na fizi zilitoa damu alipopiga mswaki. Wiki iliyopita walikuwa wamemzika jirani ambaye naye homa ilimtoka, akasema amepona, na kesho yake akafa. Jambo hilo Abshiro aliogopa hata kulitamka.

"Abaayo, mdogo wangu, nipeleke hospitali," alisema. "Huku si kupona."

Hospitalini, tabibu Mohamednoor alimbonyeza ukucha, akangoja rangi irudi. Ilichelewa, ishara kwamba damu haizunguki sawasawa. Majibu ya damu yalipotoka, alivuta kiti karibu.

"Daktari, homa imeisha. Mbona unanitazama hivyo?"

"Mama, ndani ya mishipa yako ya damu kumetandikwa seli nyembamba. Maradhi yakiingia, hizo ndizo hufungulia chembe za kinga njia ya kupita, kisha hufunga na kutuliza uvimbe, mwili usije ukajidhuru wenyewe. Kwako zimechokozwa mno, zimeshindwa kutuliza. Zimeachana, na maji ya damu yanavujia tumboni."

"Zitaziba?"

"Mara nyingi huziba zenyewe, siku moja au mbili. Kazi yetu ni kukuweka hai mpaka hapo."

Alitundikiwa dripu. Leyla alipotoa vidonge vya maumivu vya diklofenaki kwenye mkoba, Mohamednoor alimzuia. Vingeweza kumzidishia kutoka damu. Kila saa muuguzi alipima presha, na kila saa Abshiro aliusoma uso wake kabla ya namba.

"Kitambaa alichoniletea Hasna nimshonee sijakikata," alimnong'oneza Leyla. "Umrudishie."

"Usiniusie!" Leyla alifoka, kisha akatoka nje kulia.

Kesho yake mchana tumbo lilikuwa limejaa na pumzi ilikuja kwa shida. Mohamednoor akapunguza dripu. Abshiro aliona wamemkatia tamaa, akaanza kutamka shahada.

"Mbona mnaipunguza?"

"Seli zinashikana. Maji yaliyovuja yanarudi kwenye mishipa. Nikiongeza mengine, yataingia mapafuni."

Hakumwamini mpaka jioni, alipokwenda chooni kukojoa mara tano na pumzi ikafunguka. Leyla alishangilia kila safari kama harusi.

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mohamednoor hakumficha: dengi, inayoenezwa na mbu aumaye mchana, ina aina nne, na anayeugua mara ya pili kwa aina nyingine anaweza kuumwa vibaya zaidi. Abshiro amefunika mapipa yote ya maji kwa kitambaa alichokishona mara mbili, na madirisha ameyawekea wavu. Leyla humcheka akimwona anamkimbiza mbu mmoja chumba kizima saa nne asubuhi. Abshiro hacheki. Hutulia tu akishamwona amekufa, halafu hutega sikio kama kuna mwingine.