Posa ya Mkono wa Kushoto

Genoveva Temu hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, na hana mpango wa kuanza. Kazi hiyo aliisomea soko la Memorial, Moshi, akiuza makoti ya mitumba, na alipohamia Gaithersburg, Marekani, aliendelea nayo kana kwamba amehamisha meza tu. Amepunguziwa godoro katika duka ambalo wauzaji wake waliapa kuwa hawapunguzi. Daktari wa meno alipomtajia gharama ya kung'oa jino, alifunga mdomo pamoja na jino lake, akachukua mkoba, akatembea taratibu kuelekea mlangoni, na daktari akamwita. Siku za kazi anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mwisho wa wiki anakusanya friji na baiskeli kuukuu za kupakia kwenye kontena la Dar es Salaam. Watu wa kanisani wakienda kununua gari humbeba yeye kwanza. Wanasema Mama Ethan akiingia, muuzaji huanza kulegeza tai kabla hajasalimiwa.

Ndiyo maana inashangaza kwamba mali kubwa kuliko zote aliilea mwenyewe nyumbani, miaka kumi na saba, bila kuijua, tena akiipiga vibao.

Mali hiyo ilikuwa mkono wa kushoto wa mwanawe. Tangu Ethan aanze kushika kijiko, kijiko kilikwenda kushoto. Mama akakirudisha kulia, mtoto akakihamisha, mama akapiga kibao. Alijaribu kuufunga mkono kwa kitambaa. Mtoto akalala nao njaa. Na huyo hakuwa mtoto wa kulala njaa. Ethan alikula wali kama watu wanaotoka kuchimba msingi, halafu akauliza kama kuna kitu kingine, na bado akawa mwembamba kama ufito. Mwishowe wakafikia makubaliano: mkono wa kulia kwa chakula na kwa kuwasalimia wakubwa, wa kushoto afanye nao anachotaka huko nje. Huko nje alichotaka ni kurusha mpira wa besiboli.

Mchezo wenyewe Genoveva hakuuelewa. Aliuona kama foleni ya benki iliyovalishwa sare: watu wamesimama, wanatema mate, wanasubiri. Alikwenda kwenye mechi za shule kwa sababu mtoto wake ndiye aliyesimama katikati na wengine wote walikuwa wanamsubiri yeye.

Jumamosi moja ya Aprili akaja kocha. Aliitwa Haggerty, wa chuo kidogo huko nyuma ya milima ya Virginia, na alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi. Akaeleza kwamba warushaji wa mkono wa kushoto ni adimu, kwamba wapigaji hawajazoea mpira unaotokea upande huo, na kwamba makocha huendesha gari siku nzima kumfuata mmoja. Genoveva aliyasikia maneno hayo akautazama ule mkono, uliokuwa wakati huo umeshika chapati kinyume cha makubaliano, akakumbuka vibao vyote. Alikuwa anaiharibu bidhaa.

Kocha akataja alichokuja nacho: nafasi kwenye timu na nusu ya ada. Alichotaka ni Ethan akomiti. Neno hilo Ethan na wenzake walikuwa wakilitumia kutwa. Maana yake ni kijana kutamka kwamba akimaliza sekondari ataenda chuo fulani, akapiga picha na kofia ya chuo hicho, na vyuo vingine vikaacha kumfuata. Hakuna sahihi mpaka mwaka wa mwisho. Ni neno tu.

Genoveva akajumlisha. Mtu katoka mbali, kavaa vizuri, kakaa ukingoni mwa kochi, kamsifu mtoto, anaomba ahadi. Hilo alilijua vizuri sana. Ilikuwa posa.

Na posa haijibiwi siku hiyo hiyo. Familia inayojibu siku hiyo hiyo ina shida ndani: ama mtoto ni mzigo, ama wenyewe wana njaa. Wala mama hajibu kwa mdomo wake. Mumewe, Clement, ni dereva wa lori la masafa na siku hiyo alikuwa Ohio. Aliwaambia kwa simu kwamba anakubaliana na chochote watakachokubaliana, kama kawaida yake. Kwa hiyo Genoveva alikuwa amemwita Zefania, kaka mkubwa wa Clement, msimamizi wa maegesho kwenye hoteli moja Alexandria na mzee wa kanisa. Zefania alikuja na suti yake ya ibada ya Pasaka. Kocha alipomaliza kusema, mzee akakohoa kwanza, akatumia Kiingereza chake cha kusomea matangazo ya kanisani.

"Kocha, tumekusikia. Tutakaa kama familia. Tutakujibu."

Kocha akauliza lini. Zefania akatazama dari, akamwambia wakati ukifika.

Haggerty aliondoka na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya foili na uso wa mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake. Mlango ulipofungwa Ethan aliruka. Ethan anaelewa Kiswahili mpaka tusi la mwisho, ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho akawaeleza kwamba kocha yule ana majina mengine mfukoni.

"Kaa chini," mama yake akamwambia. "Mposaji wa kweli anarudi. Na akirudi, anarudi na zaidi."

Kocha akapiga simu wiki ile. Genoveva alikuwa kazini, anamgeuza mzee mmoja kitandani. Aliiacha iite mpaka ichoke, na moyo wake ukafurahi kama zamani sokoni, pale mteja anapouliza bei mara ya pili. Kocha akapiga tena. Zefania naye alikuwa ameagizwa asipokee. Baadaye simu zikakoma.

"Sasa anawaza," Genoveva akasema.

Ethan akajibu kwamba ndiyo, anamuwaza mtu mwingine.

Mwezi haujaisha, Ethan akaingia jikoni, akaweka simu yake juu ya meza kando ya sufuria, akaondoka bila neno. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kijana wa Rockville, mrushaji, kavaa kofia ya chuo cha Haggerty, anacheka meno yote. Mpira ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Genoveva angeweza kuvumilia kelele. Hakukuwa na kelele. Alipakua pilau, akaita. Ethan akasema kutoka chumbani kwamba hana njaa. Hapo ndipo mama alipovuta kiti akakaa. Mtoto huyu alikula siku ya homa. Alikula wakati wa msiba wa bibi yake, akaomba nyongeza kwa huzuni.

Sokoni Genoveva aligeuza mgongo mara zisizo na idadi na kila mara akaitwa. Hakuwahi kujiuliza afanyeje mtu ambaye mgongo wake haukuitwa. Kumpigia kocha simu mwenyewe hakukuwezekana. Upande wa mtoto kumfuata mposaji ni aibu inayosafiri, na ingefika Moshi kabla ya kontena. Lakini alikuwa na chombo kingine. Koti likikataa kutoka pale Memorial, mdogo wake, Edna, alikuwa akipita kama mteja, analinyanyua, analipapasa bitana, anauliza bei kwa sauti na kusitasita. Kabla hajamaliza kusitasita, koti limeshanyakuliwa na mteja wa kweli. Genoveva alihitaji Edna. Alichokuwa nacho ni Zefania.

Mpango ulikuwa rahisi. Shule ya Ethan ingecheza na shule ya yule kijana wa Rockville, na kocha angekuja kumtazama kijana wake. Wanaochagua wachezaji hukaa nyuma ya wavu, wamevaa kofia na miwani ya jua, hawasemi na mtu, wameshika kibunduki cha kupimia kasi ya mpira. Zefania angekaa hapo kama mtu wa chuo kingine.

"Shemeji, mimi sisemi uongo," Zefania akasema.

"Nani kakuambia useme? Wewe kaa tu, utamani kwa macho."

Kibunduki hawakuwa nacho. Zefania akaja na kimashine cha kazini cha kusomea tiketi za magari, ambacho kwa mbali kilifanana.

Siku ya mechi alikaa nyuma ya wavu na suti ya Pasaka na kofia ya hoteli. Ethan akirusha, Zefania ananyanyua kimashine, kinatoa mwanga mwekundu, kinalia. Anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona mambo mengi duniani lakini si hili. Wenzake wawili wa kofia na miwani walianza kumtupia macho. Genoveva, aliyejibanza viti vya mbali, akaanza kupumua.

Halafu mpigaji mmoja akaupata mpira wa Ethan barabara, ukaruka juu ya uzio, ukapotelea kwenye maegesho: pointi kwa wapinzani. Zefania akasimama akapiga makofi. Kwa hesabu yake mpira ulikuwa wa Ethan na umefika mbali. Genoveva akafumba macho. Alipoyafumbua aliona jambo baya zaidi: Kocha Haggerty alikuwa anahama kiti, anakwenda kukaa kando ya Zefania. Hapo ndipo lilipompiga. Edna hakuwahi kujulikana na wateja. Zefania alishakaa sebuleni na mtu huyu, uso kwa uso, na suti hiyo hiyo.

Mazungumzo yao Genoveva aliyapata baadaye, na Zefania huyasimulia mpaka leo bila kuongeza, kwa kuwa ni mzee wa kanisa.

Kocha aliuliza kimashine hicho ni cha nini. Zefania akamwambia ni cha kusomea tiketi.

"Na hapa kinasoma nini?"

"Hapa hakisomi kitu. Kinalia tu."

 Kocha akasema kwamba hakuelewa mzee amefuata nini, maana wao ndio waliomkataa.

"Nani alikukataa?"

"Nilipiga simu. Hamkupokea."

Zefania akamgeukia akamfundisha taratibu, kama darasa la kipaimara. Wangekuwa wamemkataa, angejua siku ile ile: angepewa soda, wangezungumzia hali ya hewa mpaka aage mwenyewe. "Wewe tulikufungia chapati za njiani. Mtu aliyekataliwa hafungiwi chapati."

"Kwa hiyo kutopokea simu ilikuwa ndiyo?"

"Ilikuwa njiani inakwenda kwenye ndiyo."

Wakati huo Ethan, ambaye kwa hasira ya mpira ule uliovuka uzio alikuwa ameukaza mkono, aliwatoa wapigaji watatu mfululizo bila hata mmoja kuugusa mpira. Haggerty alitazama, akacheka peke yake, akauliza mama wa kijana yuko wapi.

Genoveva akashuka. Kocha akamweleza bila kuzunguka: bado anamtaka kijana, maana mkono wa aina ile, mmoja haumtoshi kocha. Lakini nusu ya ada imekwenda kwa Rockville. Imebaki theluthi.

Miguu ya Genoveva ilijua la kufanya. Ilianza kugeuka yenyewe kuelekea lango. Ilikwenda nusu ya mzunguko. Hapo akamwona Ethan kwenye benchi, glovu gotini, macho kwenye mgongo wake. Alikuwa ameshaona mgongo huo ukifanya kazi na anajua ulimgharimu nini. Genoveva akaumalizia mzunguko mpaka akarudi alikoanzia.

"Theluthi," akasema, "na chakula."

"Chakula?"

"Chakula chake chote hapo chuoni. Miaka yote."

Haggerty akamtazama Ethan: mrefu, mwembamba, mashavu yamebonyea, mtoto ambaye upepo ukizidi ungemwomba radhi. Akapiga hesabu kichwani. Hakuwa amewahi kumlisha. Akanyoosha mkono.

"Na hili nalijibu leo," Genoveva akasema, akaushika. Zefania akageukia pembeni. Hakupenda kushuhudia utaratibu ukivunjwa.

Ethan alikomiti Jumapili iliyofuata, sebuleni, na kofia ya chuo kichwani. Clement alishuhudia kwa simu kutoka kituo cha malori, akakubaliana na kila kitu. Baada ya picha walikaa mezani na kijana akala mtori na pilau kwa mkono wa kushoto, sahani baada ya sahani. Mama yake aliona. Akamsogezea bakuli upande huo.

Novemba hiyo, Ethan akiwa mwaka wa mwisho, neno likawa sahihi, na Genoveva aliusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa mpaka akafika palipoandikwa chakula. Agosti iliyofuata wakampeleka milimani. Ilikuwa bado Septemba, Genoveva anafunga kamba friji kwenye gari la mizigo, simu ikaita: Haggerty. Safari hii akapokea upesi, kwa kuwa mtoto alikuwa ugenini. Kocha akamtuliza: kijana mzima, anarusha vizuri ajabu. Kisha sauti yake ikashuka. Watu wa bwalo la chakula walikuwa wamekuja ofisini kwake, mara mbili sasa. Walitaka kujua kama kadi ya chakula ya Ethan inatumiwa na mtu mmoja. Alikuwa anajiuliza kama familia ingeweza kulitazama upya lile suala la chakula, pengine wabadilishane na kitu kidogo kwenye ada.

Genoveva akaikaza kamba, akaivuta kuona kama imeshika.

"Tumekusikia, kocha," akasema kwa upole wote aliokuwa nao. "Tutakaa kama familia. Tutakujibu."

Upande wa pili kocha akashusha pumzi. Alishasoma utaratibu. Akauliza kama angalau anaweza kutumiwa chapati.