"Sijambo" Iliyoniponza

Siku moja huwa naikumbuka kila nikikohoa, mwanangu, na leo nimeikumbuka zaidi nilipokuona unainuka kitini umejishika kinena, huku ukiniambia, "Sijambo, baba." Hujambo nini? Keti. Polepole, basi!

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Kagera. Nilipasuliwa ngiri kama wewe, kidonda kikafunga vizuri, lakini ndani pakabaki moto. Nikiinama, unachoma mpaka pajani. Na sisi watu wa Nyakatuntu tunavyojua adabu! Ukisalimiwa, hata kama jiko linaungua nyuma yako, kwanza unajibu salama, ndipo unasema "ila". Basi kila niliporudi hospitali, daktari aliuliza, "Hujambo?" Nami, "Sijambo, daktari." Kabla sijaifikia "ila" yangu, amekwisha kuandika kwamba nimepona na anamwita mwingine. Nami, mjinga wa kutupwa, nashukuru na kutoka. Nimrudie daktari, kijana wa watu, nimweleze habari za kinenani? Niliona haya.

Miaka mitatu, mwanangu! Nilijiambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu nilizipata kweli, maana ndizi za kupika ziliiva mgombani kwa kukosa wa kuzibeba. Mwishowe mama yako, na mimba yako tumboni, akashika panga na kujitwika mikungu mwenyewe. Siku moja aliteleza, akaanguka nayo, damu ikamtoka. Alilala wiki nzima, hatujui kama utabaki.

Shangazi yangu Koronelia alikuja kutoka Kamuli kumuuguza. Nilipomweleza yote, alinitazama kwa hasira.

"Wewe, hospitali ulikwenda kutibiwa au kusalimia?"

Mama yako alipopata nafuu, shangazi alinipeleka mwenyewe. Daktari akampa shikamoo yake, kisha akanigeukia. "Hujambo, bwana?"

Shangazi akadakia, "Ana jambo! La miaka mitatu. Vua umwonyeshe." Akageukia ukuta. Aibu niliyoiona siku ile sikuombei.

Daktari akabonyeza kando ya kovu, nikaruka. Akasema mshipa wa fahamu umenaswa pale, na ningesema mapema kazi ingekuwa rahisi. Nilichomwa sindano pale penye maumivu, nikarudi tena na tena. Yalipungua, hayakuisha. Bado nakohoa kwa tahadhari.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu, nusura nikukose wewe. Sasa na wewe unanifanyia yaleyale, tena mbele ya macho yangu!

Kesho nenda Omurushaka ukapande basi la kwenda hospitali. Daktari akikuuliza hujambo, anzia kwenye "ila": mwambie panapouma, tangu lini, na kazi gani imekushinda. Salamu utamalizia mlangoni ukitoka. Mungu akupe daktari mwenye masikio, na wewe akufungue mdomo. Na huyo mkeo anayekubebea mikungu, amshike asiteleze.