Jina la Valentin

Msimu wa dagaa, kule Fizi, mashariki mwa Kongo, bibi yake alikuwa akimwita "mume wangu" mbele ya watu, naye mtoto Mlondani akijificha kwa haya nyuma ya majamvi ya kuanikia. Haukuwa mzaha mtupu. Alikuwa amerithi jina la babu, na kwao mwenye kurithi jina humrithi mtu mzima.

Vita vya mwaka 1998 vilimkuta fundi cherehani, mjane mwenye binti mmoja, Arlène. Valentin, jirani wa kaka yake, aliwaonyesha wenye bunduki nyumba ya kaka huyo, na kaka akauawa. Njiani, akikimbia na binti yake, kila kizuizi kiliuliza jina. Jina la Mlondani lilikuwa kifo. La Valentin, rafiki wa wenye bunduki, lilikuwa njia. Akajiita Valentin, akavuka. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, akaandikishwa vivyo hivyo, na wateja wakamwita Papa Valentin. Aliitika kila asubuhi, na kila kuitika kulimchoma. Arlène alijua kwamba baba amebadili jina. Hakuambiwa lilikuwa la nani.

Arlène aliolewa na Rodrigue, mpakizi wa tumbaku huko Kanengo, jijini Lilongwe, wakapanga chumba katika mtaa wa Area 25. Mwaka 2003 akazaa mwana. Mzee akapanda minibasi, na shati dogo alilolishona mwenyewe kwapani.

"Papa, shika," Rodrigue akacheka, akimnyooshea mtoto. "Huyu njo wewe. Tumemuita Valentin."

Mzee hakunyoosha mikono.

"Mumemupa mujukuu wangu jina ya muuaji."

"Papa, si njo jina yako ya huku?" Arlène akanong'ona.

"Njo jina ya mutu aliuzisha baba yako mukubwa. Sasa nikikufa, yeye njo atabakia kwa hii nyumba?"

"Bantu bote banakuita vile," Rodrigue akasema. "Tungejua namna gani?"

Swali hilo lilimkasirisha zaidi, kwa kuwa lilikuwa la haki.

"Mutabadilisha leo."

"Mutoto abadilishe, na we mwenyewe unabakia Valentin?"

Mzee aliliweka shati juu ya kitanda, akatoka bila kuigusa nsima, ugali wa huko, aliyoandaliwa. Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya kambi, akairudisha kadi ya posho ya Valentin, iliyokuwa ikimlisha, akataja jina lake: Mlondani.