Mama Bati apanda paa miguu ikiwa chini

Saa moja asubuhi, Mama Bati amesimama katikati ya uwanja wa shule, rimoti mikononi, miwani ikining'inia shingoni. Mbele yake, juu ya ubao mpana, droni ndogo ya kijivu inangoja amri.

"Jamani, rudini nyuma ya ukuta," anawaambia walimu waliojaa kutazama. "Hii haipiti juu ya kichwa cha mtu. Hata cha mwalimu mkuu."

Wanacheka, lakini wanarudi.

Hii ni kazi yake ya kwanza tangu aumie. Paa la bwalo linavuja, na mwalimu mkuu amemwambia waziwazi: akionyesha panapovuja bila mtu kupanda, kazi yote ni yake na vijana wake wa kazi. Akishindwa, ataitwa fundi mwingine.

Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alitembea juu ya mapaa, misumari mdomoni, nyundo kiunoni, mpaka jina la Mama Bati likamganda. Hata wajukuu wanamwita hivyo. Kisha ngazi ikateleza. Goti likaharibika, akakaa miezi saba dirishani akitazama mapaa ya wenzake na kuyatoa kasoro.

"Binti yangu alisema, 'Mama, ukigusa tena ngazi, mimi na wewe basi,'" anasimulia. "Nililia. Si kwa maumivu. Nilikuwa fundi, nikawa mgonjwa."

Aliyemwinua ni mkwewe, mpiga picha za harusi, aliyemletea droni yake ya zamani na kumwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Nilitaka kumfukuza," anasema. "Lakini mkwe ni mkwe, unamezea."

Siku ya kwanza alifanya kosa ambalo labda fundi wa paa tu angelifanya. Akitafuta mahali safi pa kuirushia, aliiweka juu ya rundo la mabati nyuma ya nyumba. Chuma kikaivuruga dira yake. Droni ikapaa, ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango, ikaparamia tangi la maji la jirani.

"Mabati yamenilisha maisha yangu yote, nikadhani na hiyo yatailea!" anasema, akicheka hadi anashika goti.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya kubadilisha mapangaboi yaliyovunjika, kwa wiki kadhaa hakuipandisha kupita kimo chake, tena uwanjani patupu, mbali na nyaya za umeme. Kilichomtesa zaidi ni droni kumgeukia, maana hapo kulia kwake huwa kushoto.

"Nikaizoesha kunipa mgongo," anasema. "Kama mtoto anayejifunza kutembea, unamfuata nyuma."

Sasa matawi kando ya bwalo yanaanza kutikisika. Mama Bati anayatazama, kisha anazima droni.

"Mama, vipi tena?" mwalimu mkuu anauliza. "Vipindi vinangoja."

"Upepo, mwalimu. Siku niliyoanguka nilikuwa na haraka. Leo sina."

Walimu wanatazamana. Yeye anakaa kwenye ubao wake, ananyoosha mguu, anangoja.

Upepo unapotulia, anakagua betri, anaipandisha droni taratibu, na macho yake hayaiachi ila kwa kuchungulia skrini. Droni inapita pembeni mwa paa, inasimama. Bati la kofia, lile la juu kabisa, limefunuka upande mmoja, misumari imeng'oka.

"Pale! Maji yanaingia pale!"

Mwalimu mkuu anainama juu ya skrini, anatazama kwa muda. "Vijana wako waje lini, mama?"

Droni inatua juu ya ubao. Mama Bati anajifuta macho bila kuficha. Ana mpango tayari: kuwakusanya mafundi wenzake ambao magoti yamewagomea, awafundishe hapa uwanjani, kila mtu na kibali chake cha kurusha.

"Wako wengi wamekaa dirishani," anasema.

Kisha anampigia binti yake.

"Mwanangu, nimetoka juu ya paa."

"Mama! Umepanda?"

"Nimepanda," anajibu, akilitazama bwalo kama mwenye nyumba. "Na goti haliniumi."