Mama Sagesse Haendi India Kutibiwa

Kosa lake lilikuwa moja tu: alimwambia Mama Vestine. Angemwambia mtu mwingine yeyote wa mtaa wao wa Rosettenville, hata yule muuza nyanya wa pale kwenye robot, zile taa za barabarani, mambo yasingefika yalikofika. Lakini Vestine ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, Mrundi mwenye moyo mpana na mdomo mpana zaidi, na kumwambia yeye jambo ni kumwaga mtama penye kuku wengi.

Ilikuwa Februari ya 2018. Vestine alikuja kupimwa gauni. Alisimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono juu, akauliza kama gauni litawahi Pasaka.

"Litawahi, tena mapema," akajibu Jocelyne, pini mdomoni. "Mwezi wa tatu mimi niko India."

Vestine akashusha mikono. Machozi yakamlengalenga.

"Yoo, dada yangu! Ni figo?"

Haya. Hapa lazima tuseme jambo ambalo kila Mkongomani na kila Mrundi wa Johannesburg analijua. Kwao India si nchi, India ni hospitali. Mtu akisema anaenda India hawamwulizi mji gani, wanamwuliza kiungo gani. Huyu alikwenda na moyo, yule na uti wa mgongo, mwingine na uvimbe. Wengine walirudi wakicheka na bahasha ya picha za eksirei, wengine walirudi ndani ya sanduku. Kwenda kutazama tu? Nani aliwahi kusikia kichekesho hicho!

"Figo gani tena?" Jocelyne akatema pini kiganjani. "Naenda kutembea."

"Naelewa," Vestine akasema kwa sauti ya msibani. "Usiseme, dada. Mambo mengine hayasemwi." Akavaa viatu vyake na kuondoka, hata kiuno hakijapimwa.

Jocelyne, ambaye watu humwita Mama Sagesse, alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mkongomani mzaliwa wa Uvira, mjane wa mwaka wa tisa, fundi wa nguo katika karakana iliyokuwa zamani ya gari la Mreno mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache na shingo ngumu. Ukimwambia kola hii haiwezekani, ataishona usiku na mchana mpaka iwezekane, kisha akuoneshe bila kusema neno. Marehemu mumewe alikuwa akisema amemwoa punda mwenye cherehani, na alilisema kwa mapenzi.

Hamu yenyewe ilianzia Fordsburg, kwenye maduka ya Wahindi anakonunua vitambaa. Kila jora lina karatasi iliyobandikwa pembeni, na juu yake jina la mji. Jaipur. Lucknow. Banaras. Miaka ishirini alizibandua karatasi zile kwa kucha na kuzitupa, mpaka siku moja akajiuliza: mji unaotoa rangi ya namna hii, wenyewe wana kuta za rangi gani? Akamwuliza mwenye duka. Mzee wa watu akacheka, akasema yeye babu yake ndiye alitoka huko. Yeye mwenyewe mwisho wake ni Durban. Jocelyne akarudi nyumbani akiwa amekasirika, wala hakujua amekasirikia nini. Wiki ile ile akaanza kupanga.

Alipangia pale pale kwenye meza ya kukatia, juu ya ile karatasi pana ya kuchorea vipimo. Sagesse, binti yake wa miaka ishirini, alikaa na simu akitafuta treni. Sagesse amezaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama huuliza tena kwa Kiswahili, na maisha yanakwenda. Wakachora: Delhi siku tatu, Jaipur siku mbili, Agra moja, Lucknow mbili, Banaras tatu, kisha kurudi Delhi kwa treni ya kulala. Januari waliikataa kwa sababu ya ukungu, maana walisoma kwamba huko treni husimama nusu siku zikingoja jua. Mwezi wa tano waliukataa kwa sababu ya joto. Walipomaliza kila kitu, Sagesse akashika kichwa: Agra imeangukia Ijumaa, na Taj Mahal Ijumaa hufungwa!

"Futa," mama akasema. Wakafuta, wakaongeza siku moja Jaipur, na treni zote zilizofuata zikasogea. Jocelyne aliufurahia usumbufu ule kuliko alivyofurahia kitu chochote kwa miaka mingi. Ilikuwa kazi kama ya kupanga mikunjo ya sketi, ila mwisho wake mvaaji ni yeye mwenyewe. Viza ikatoka. Kwenye fomu kulikuwa na swali la sababu ya safari, na kati ya matibabu, biashara na matembezi, akachagua matembezi.

Kumbe wakati huo huo maneno yalikuwa yameshaota miguu. Jumapili ya kwanza jina lake lilisomwa katika orodha ya wagonjwa. Jumatatu akaletewa supu ya kongoro. Jumanne machungwa. Jumatano akaja mama mmoja ambaye hawajawahi hata kusalimiana vizuri, akaketi, akamtazama miguu kama imevimba, akaomba, akalia, akaenda zake. Kila mmoja Jocelyne alimwambia, "Mimi mzima." Kila mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Lisemwalo lipo, walisema huko nje. Na mgonjwa anayekataa ugonjwa ndiye aliyezidiwa.

Supu aliinywa. Ilikuwa nzuri. Kilichomkata maini kilikuja Alhamisi. Wanawake wawili wa kwaya walifika na teksi, wakasema wametumwa kuchukua vitambaa. Sare za Pasaka, nguo arobaini na mbili, kazi aliyoisubiri tangu Krismasi! Zilikuwa pale kwenye rafu, kumi na moja tayari zimekatwa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ili upumzike, Mama Sagesse. Tumempa fundi wa mtaa wa Observatory."

"Nitazimaliza tarehe kumi. Nimeahidi, na sijawahi kuvunja ahadi."

"Tunajua," wakasema kwa upole. Eish, upole ule! Heri wangemtukana. Wakabeba majora, wakabeba na zile kumi na moja zilizokatwa, mkono wa huyu, kifua cha yule, na kumwachia rafu tupu. Wateja wengine nao wakapungua. Nani atampa gauni la harusi fundi ambaye hajulikani kama ataiona harusi?

Ijumaa akaja Mchungaji Aloys mwenyewe. Ni mtu mwema, tusimwonee. Amezika watu bila malipo, amewatoa vijana polisi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaikuta ile karatasi ya ramani mezani, akaisoma mji kwa mji.

"Mama," akasema, "hospitali iko mji upi kati ya hii?"

"Hakuna hospitali, Pasta. Huo ni mji wenye ngome. Huu una mto. Hapa wanatarizi nguo nyeupe kwa uzi mweupe, nataka kuona macho yao yanavumiliaje."

Aloys akarudisha macho kwenye karatasi. Akaelewa. Na kwa kuwa alielewa, akashusha sauti.

"Basi usimwambie mtu."

"Nisimwambie mtu nini?"

"Hilo. Sikiliza, mama yangu. Ugonjwa watu wanauelewa. Lakini mjane kwenda kutalii peke yake? Watauliza pesa katoa wapi. Watauliza anaenda na nani. Wapo watu hapa hawajamzika mama yao kwa kukosa nauli, na wewe unapanda ndege kuangalia ukuta? Jumapili ijayo tutakuita mbele, utapiga magoti, tutakuwekea mikono. Utaenda, utarudi mzima, utatoa ushuhuda. Sare za kwaya za Agosti ni zako, nakuahidi. Wewe nyamaza tu."

Tusidanganyane, Jocelyne alishawishika. Alijua kanisa lile ni nini. Ndilo lililomzika mume wake. Ndilo lililompa cherehani ya kwanza. Mtu asiye na ndugu mji huu, kanisa ndilo baba, ndilo shangazi, ndilo hati ya kusafiria. Kupiga magoti ni dakika tano. Jioni akamwambia Sagesse, na Sagesse naye akasema, tena kwa Kiswahili safari hii ili aeleweke, "Mama, piga magoti tu. Shida iko wapi?"

"Shida?" Jocelyne akalipuka. "Nimeugua nini mimi? Nikiumwa wananipenda, nikifurahi wananiogopa! Aka! Sipigi magoti kwa figo ambazo haziumwi!"

Akapika, akala, akalala. Hakulala.

Kanisa lao liko katikati ya mji, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa ghala la viatu, na lifti yake ilikufa kabla wao hawajafika. Jumapili ile, siku mbili kabla ya safari, ukumbi ulijaa. Sagesse alikuwa zamu kazini. Jocelyne alivaa kitenge chake cha kijani, akaketi benchi la tatu. Mchungaji Aloys akamwita, naye akaenda mbele. Akina mama wakaimba kwa sauti ya chini, mikono ikainuliwa kila upande, chupa ya mafuta ikafunguliwa. Mto mdogo wa magoti ulikuwa umewekwa sakafuni. Akautazama, akapiga moyo konde, akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Figo zangu ni nzima."

"Amina!" wakaitikia kwa nguvu, maana walidhani ni imani.

"Hapana, sikilizeni. Ni nzima tangu zamani. Moyo mzima. Mgongo unauma kidogo, lakini huo ni wa cherehani, tumeshazoeana. Siendi India kutibiwa. Siendi kununua vitambaa, sitanunua hata mita moja. Siendi kuolewa. Naenda Delhi, Jaipur, Agra, Lucknow na Banaras, kutembea."

Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja.

"Kutembea tu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kutembea tu."

Mchungaji akasogea, kiganja wazi, akitaka kipaza sauti. Jocelyne akakihamishia mkono wa pili.

"Ngoja, Pasta, namaliza. Mwaka wa tisini na sita nilivuka ziwa kwenda Kigoma na kiatu kimoja. Nani aliniuliza kama nataka kuiona Kigoma? Mbeya nimepita, sikuiona, nilikuwa chini ya turubai la lori. Lusaka nimekaa siku nne, nilichokiona ni ukuta wa choo. Kila mpaka waliniuliza kwa nini nimekuja, na kila mara nilikuwa na jibu, maana jibu lilikuwa nyuma yangu limeshika bunduki. Safari hii sina jibu! Nataka, basi. Hii ndiyo safari ya kwanza maishani mwangu ambayo hakuna anayenifukuza. Na ninyi, mlionijua tangu nafika, mnataka niseme nafukuzwa na figo!"

Ukumbi wa watu mia mbili, na karibu wote walifika mji huu chini ya turubai fulani. Hakuna aliyesema amina. Mzee mmoja alivua miwani na kuishika mapajani.

Vestine ndiye aliyesimama. Alikuwa anatetemeka, na si kwa hasira peke yake.

"Tumefunga siku tatu kwa ajili yako!" akapaza sauti. "Siku tatu, Jocelyne! Mimi nina sukari, nimefunga!"

Jocelyne akamtazama, na hapo nusura ashindwe, maana alimpenda Vestine.

"Nakushukuru, dada. Nakushukuru kwa moyo wote. Sasa nenda ukale."

Akamrudishia mchungaji kipaza sauti chake, akauruka ule mto, akapita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni. Nyuma yake kiongozi wa kwaya akaanzisha wimbo haraka haraka, ule wa kufunika aibu.

Akashuka ghorofa tatu akishika ukuta. Kwa watu wake msafiri husindikizwa. Hata anayekwenda Pretoria kugonga muhuri karatasi ya ukimbizi hupata wa kumsindikiza mpaka stendi, na anayepanda ndege husindikizwa na nusu ya kanisa, kwa nyimbo. Alipofika barabarani, kati ya wauza mikanda na wauza mahindi, akageuka kuutazama mlango wa jengo. Akangoja. Mlango ukabaki wazi, na hakuna aliyetoka.

Ikamuuma. Machozi yakamtoka mchana kweupe mbele ya wapita njia, na hakuyaficha. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akashika njia ya stendi kurudi nyumbani, akitembea polepole, maana hakuna aliyekuwa nyuma yake.