Shangazi na Mwalimu wa Shule A

"Shangazi, kama makala ni yako, mbona unafuta jina lako?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nimemning'inia begani kama mkoba. Alikuwa amekaa kwenye meza yetu ya kulia chakula, kompyuta mbele yake, kalamu moja ameichomeka kwenye nywele na hiyo hiyo ndiyo anaitafuta.

"Muulize mhariri," akanijibu. "Na unitoke begani. Wanaonikalia kichwani wananitosha."

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mwalimu wa darasa la kwanza. Darasa lake lilikuwa maarufu shule nzima kwa makelele, kwa sababu alikuwa amebuni utaratibu wake: watoto wanakaa chini wawili wawili, wanatazamana, mmoja anamsomea mwenzake kwa sauti, na mwalimu hasahihishi kitu. Anayesikiliza ndiye anayesema, "Hapo sijaelewa, rudia." Basi. Watoto walioanza mwaka hawajui herufi waliumaliza wakisoma mpaka maandishi ya pakiti za sabuni. Mwalimu mkuu yeye alisikia kelele tu.

"Mwalimu, hili ni darasa au soko?" alimuuliza siku moja mbele ya wenzake, kisha akampa sharti. Jarida la elimu likiukubali utafiti wake kabla ya mwaka mpya wa masomo, utaratibu utabaki. Lisipoukubali, madawati yanarudi kwenye mstari na watoto wanafunga midomo.

Ndivyo meza yetu ilivyotekwa. Nyumbani kwa shangazi mtandao ulikuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo alihamia kwetu na makaratasi yake, sisi tukawa tunakula tumeweka sahani mapajani. Na masharti ya jarida hilo! Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, isizidi maneno mia mbili, shangazi akawa anakata sentensi kama anamnyoa mtoto anayelia. Majedwali yakae mwisho. Marejeo yaandikwe kwa mtindo wao, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu lilale kwa herufi za mlazo. Alipomaliza kuyapanga marejeo yote, akagundua kwamba amefuata masharti ya jarida jingine kabisa.

"Dada, si uwapelekee watoto wenyewe wakawasomee?" baba akamtania.

"Nyamaza, kaka. Wewe ujumbe wa simu tu unaandika bila nukta."

Kulikuwa na sharti moja lililonishangaza kuliko yote. Makala ingesomwa na wataalamu wasiojua nani kaiandika, ili wasimpendelee mtu wala kumkomoa. Ndiyo maana jina lake lilitoka, na shule yake ikawa "Shule A". Tatizo ni kwamba shangazi alipoanza kufuta hakujua pa kuishia. Alipokuwa ameandika "niliwaambia watoto", akaweka "mwalimu aliwaambia watoto". "Niliona" ikawa "ilionekana". Akasoma tena, akaridhika, akatuma.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Aliyasoma amesimama, akakaa, akasimama tena.

"Wanasemaje?" baba akauliza.

"Wanasema mtafiti ni mtu makini sana."

"Si vizuri?"

"Wanasema mwalimu ndiye mvivu."

Baba akacheka mpaka akashika mlango asianguke.

Mmoja wa wale wataalamu alikuwa ameandika kwamba mwalimu wa Shule A anaonekana kukwepa kazi ya kusahihisha, na kwamba mtafiti amhoji mwalimu huyo aeleze kwa nini. Bila hivyo makala haipiti.

"Nimhoji nani?" shangazi alifoka. "Nijipigie simu? Niseme, habari za kazi, mwalimu, samahani kwa usumbufu?"

"Na akikataa kuhojiwa?"

"Kaka, utatoka nje ya nyumba hii!"

"Nyumba ni yangu, dada."

"Utatoka hivyo hivyo!"

Alipopoa, nikamuuliza kwa nini asiwaambie tu kwamba mwalimu ni yeye. Akajikuna kwa ile kalamu. "Nikisema hivyo wataona najisifia. Mwalimu wa darasa la kwanza, anayefundisha a, e, i, o, u, nani atamwita mtafiti?"

Lakini likizo ilikuwa inayoyoma, na madawati yalikuwa yanamsubiri. Akamwandikia mhariri kuuliza. Jibu lilikuwa fupi, naye alilisoma kwa sauti kama anasoma tusi: jina ndilo lifichwe, ila kwamba mtafiti ndiye mwalimu wa darasa hilo lazima isemwe wazi.

"Si wangesema mapema!"

Nikachungulia yale masharti. Walikuwa wamesema. Nikayarudisha chini ya makaratasi yake.

Akaanza upya, akimrudisha mwalimu sentensi moja baada ya nyingine, huku ananung'unika. Safari hii aliandika pia kwa nini hasahihishi: zamani alipokuwa akisahihisha, mtoto aliacha kutazama kitabu, akawa anatazama uso wa mwalimu.

Makala ilikubaliwa shule ikikaribia kufunguliwa. Madawati hayakurudi kwenye mstari. Jarida lilipochapwa, mwalimu mkuu alilipekua ofisini kwake, akavua miwani.

"Shule yetu iko wapi humu?"

"Ndiyo hiyo, mkuu. Shule A."

"Na mimi?"

"Ukurasa wa tatu. 'Uongozi wa shule ulikuwa na mashaka.'"

Shangazi anasema mkuu alinuna wiki nzima.

Sasa mimi niko sekondari, na juzi meza yetu ilitekwa tena. Makala ya pili. Nilimkuta anafuta jina lake, nikaegemea bega lile lile.

"Shangazi, hujawahi kunijibu."

Hakuuliza nini. Aliendelea kufuta.

"Jina nilifuta kwa sababu ndio utaratibu, na utaratibu huo ni wa haki, hata kama unanitoa roho. Ila yule mwalimu hakuna aliyeniambia nimfute. Nilimfuta mwenyewe, kwa kumwonea aibu. Haya, nitoke begani, siku hizi umekuwa mzito."